Kichuguu Kilichogoma Kujiziba

Hadithi hii, ukiweza, isome mchana, ingawa mchana nao haukuwasaidia kitu wenyewe yaliyowapata.

Mchwa ana kazi moja anayoipenda kuliko zote, nayo ni kuziba. Mtobolee nyumba yake leo, kesho asubuhi unakuta kashakandika udongo mbichi, kama vile hukupita. Kwa hiyo Careen alipoinama na rula yake mbele ya kichuguu akakuta tundu walilolichimba jana liko wazi vilevile, bila hata chembe ya udongo mpya, alikunja uso.

"Leti, njoo uone. Wamegoma."

Leticia alikuja na jembe begani, akicheka. Alikuwa binti wa Madaba, mrefu, mwenye mikono ya shamba na kicheko kilichowafanya hata walimu wasahau kumkaripia. Careen wa Bombambili alikuwa kinyume chake, mdogo wa umbo, makini, kichwa kigumu. Wote wawili walikuwa kidato cha tano, na walikuwa wameteuliwa kwa kambi ya sayansi ya likizo ya Juni, ambako wasichana wa mkoa mzima walilala bweni katika sekondari moja iliyo njia ya kwenda Peramiho na kufanya utafiti wao wawili wawili. Timu bora ingekwenda Dar es Salaam kwenye maonyesho. Careen aliitaka safari hiyo mpaka akawa anaiota.

Utafiti wao ulikuwa rahisi: mchwa huchukua muda gani kuziba nyumba iliyovunjwa? Nyuma ya mashamba ya mahindi, upande wa Maposeni, palikuwa na vichuguu viwili vilivyolingana. Kimoja kingevunjwa kila siku saa nne asubuhi. Cha pili kisingeguswa kabisa, kiwe cha kulinganishia. Ili wasipendelee, walirusha sarafu, na sarafu ikachagua. Mwenye shamba aliwaambia kwamba pale watu huweka unga kwanza na kupiga hodi kabla ya kuchimba. Mwalimu Isidori, mwalimu wao wa biolojia, alimjibu kwa heshima zote kwamba unga wa kambi ulikuwa wa ugali.

Basi asubuhi ile ya baridi Leticia aliweka jembe chini, akazamisha mkono ndani ya tundu hadi kiwikoni.

"Hakuna mchwa hata mmoja," alisema. Kisha kicheko kikamkatika. "Careen. Kuna pumzi humu."

"Pumzi gani?"

"Mtu anapumua. Inanipiga vidoleni."

Aliuchomoa mkono haraka. Ulinuka udongo uliolowa, harufu ya mvua ya kwanza, na ilikuwa Juni, nchi imekauka, mahindi yanasubiri kuvunwa. Careen aliisikia harufu ile, akarudi hatua moja nyuma. Lakini alifikiria maonyesho, akaandika tu kwamba tundu halikuzibwa, akamwambia mwenzake alipanue zaidi. Leticia alisita, akamtazama, akapiga jembe.

Kesho yake saa nne walikuwa maabara. Leticia alishika penseli. Kutoka ndani ya ukuta nyuma yake ukaanza mlio mdogo mdogo, tk, tk, tk, ule wanaoupiga askari wa mchwa kwa vichwa vyao wakitangaza hatari. Kidole chake cha shahada kikainuka chenyewe kutoka kwenye penseli, kikarudi nyuma taratibu, kikaendelea kurudi, na yeye akikitazama mdomo wazi, hadi kikalala juu ya mgongo wa mkono na mfupa ukalia. Hakuna aliyemgusa. Ndipo akapiga yowe.

Hospitali walimfunga kidole, wakasema ameteguka kwa kuanguka, kwa sababu walilazimika kuandika kitu. Siku iliyofuata, saa ileile, ukavunjika mkono. Siku iliyofuata tena, bega. Mwalimu Isidori, aliyekuwa bado anasema ni upungufu wa madini mwilini, alimkumbatia kwa nyuma ili amtulize, na kitu kikamnyanyua mzee wa watu na suti yake kikamtupa juu ya meza ya vifaa, chupa zikampasukia usoni, akabaki chini ya meza anatapatapa, damu inamjaa machoni. Tangu hapo hakutaja tena madini.

Lililomkata maini Careen halikuwa kuvunjika kwenyewe. Kila asubuhi kabla ya saa nne Leticia aliamka akiwa na macho yasiyo yake, akaketi kitandani, akauma bandeji na plasta kwa meno mpaka vikaachia, akauinua mkono uliovimba karibu na uso na kuukagua. Aliubonyeza pale ulipovunjika. Aliusogeza huku na huku, kwa utulivu, mtu akipima kitu. Machozi yalimtiririka wakati huo wote, kwani Leticia mwenyewe alikuwamo humo ndani na alikuwa anaumia.

"Careen, mwambie aniache," alinong'ona asubuhi moja sauti yake ilipomrudia kidogo. "Mwambie, mwenzangu. Wewe atakusikia."

"Nani, Leti? Nani yuko hapo?"

Lakini macho yalikwisha kubadilika.

Padri alikuja, akanyunyiza maji ya baraka, na Leticia akalala vizuri hadi kesho saa nne, taya ilipovunjika. Hapo matroni wa bweni, Mama Aurelia, mwanamke wa jumuiya na rozari, alijifungia jikoni akapiga simu kwa Mzee Daimu, Myao wa Tunduru aliyehamia mjini, msomaji wa visomo anayejulikana kwa kutoa majini na kwa kutopenda maneno mengi.

"Shikamoo, mzee," Careen alimpokea mlangoni.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye mwenzake? Ingia nawe. Usitoke mpaka niseme."

Alifukiza ubani, akamnywesha Leticia maji ya kombe, yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, kwa kijiko pembeni mwa taya iliyofungwa, akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti ya chini, na ukuta wa bweni ukaanza kugonga, kwanza mmoja, kisha kuta zote nne, kisha dari na sakafu chini ya miguu yao, tk tk tk tk, mpaka vitanda vya chuma vikawa vinatetemeka na vumbi jekundu likimwagika kutoka kwenye nyufa ambazo dakika moja nyuma hazikuwepo, na harufu ile ya udongo uliolowa ikawajaa kooni hata Mama Aurelia akainama kutapika, na katikati ya hayo yote Leticia akainuka kutoka kitandani bila kutumia mikono, akagandamizwa ukutani miguu ikining'inia, akapigizwa mara ya kwanza, akapigizwa mara ya pili, kisogo kikaacha alama nyekundu kwenye chokaa.

"Kwa jina la Mwenyezi Mungu," alisema Mzee Daimu, "wewe nani?"

Taya iliyovunjika haikusogea. Sauti ilitoka hivyohivyo, ya upole, ya msomi.

"Mwenyeji. Hawa walikuja kwangu bila hodi."

"Unataka nini? Mbuzi? Ubani? Kitambaa?"

"Nataka kujua."

"Kujua nini?"

"Kinachukua muda gani kujiziba."

Swali lile aliliandika Careen mwenyewe, kwa mkono wake, kuomba nafasi ya kambi. Alitambaa hadi ukutani, akashika nyayo za mwenzake, zilikuwa baridi.

"Utafiti ni wangu," alisema huku analia. "Yeye alinisaidia kuchimba tu. Mwache. Nivunje mimi."

Macho yalishuka, yakamtazama bila chuki yoyote.

"Vichuguu vilikuwa viwili. Mlirusha sarafu. Nami nilirusha. Wewe huguswi. Nikikugusa wewe, nitalinganisha na nini?"

Mzee Daimu alimsukuma Careen kando, akakamata kichwa cha Leticia kwa mikono yote miwili na kumsomea sikioni. Jini lilimuuma. Lilimng'oa kipande cha kiganja, naye hakuachia, damu ikimtiririka hadi kwenye kanzu, sauti ikipanda. Alipambana nalo mpaka likaomba. Likasema litatoka nyumba yake ikizibwa na mikono ileile iliyoivunja, na kwa kuwa ya Leticia haikuweza tena, ya Careen na ya mwalimu aliyekataa kutoa unga ingetosha.

Walikimbia mashambani. Mwalimu Isidori, uso umefungwa bandeji, alibeba ndoo za maji mwenyewe, Careen akakanda udongo na kukandika tundu hadi kucha zikajaa, wote wawili wakiomba radhi kwa kichuguu kwa sauti, bila aibu. Udongo wa mwisho ulipokaa, simu ya mwalimu iliita. Ilikuwa Mama Aurelia.

"Ameanguka chini, analia," alisema. "Analia kwa sauti yake. Mwanangu amerudi."

Kambi ilifungwa. Maonyesho yakapita bila wao, na Careen hakuyakumbuka hata kidogo. Leticia alirudi Madaba kwa mama yake, akanenepa, akawa anapiga simu kila Jumapili kusema kwamba mkono wake mmoja sasa umepinda vizuri kwa kukunia nazi. Careen alicheka, na akikata simu alilia kwa furaha. Rafiki yake alikuwa hai.

Desemba, Careen alipanda bodaboda kutoka mjini kurudi nyumbani. Walipokaribia Bombambili lori la mbao liliwakata mbele. Pikipiki iliingia chini ya tairi pamoja na mguu wa dereva, kijana wa watu akalia kilio cha kuchinjwa. Careen alirushwa juu, akavuka mtaro, akatua kifudifudi kwenye rundo la kokoto.

Aliinuka. Watu walimkimbilia, wakamgeuza huku na huku, wakaanza kumsifu Mungu. Hakuwa na mchubuko. Goti zima, kiganja kizima, sketi haikuchanika hata uzi.

"Una bahati, dada," mama mmoja wa genge alimwambia. "Mshukuru sana Mungu wako."

Careen alimtazama asimwelewe, kisha akaikumbuka ile sauti ya upole: wewe huguswi. Aliinama, akaokota kipande cha kioo cha pikipiki, akakipitisha kiganjani. Kikateleza. Akakikandamiza kwa nguvu zake zote, akimwomba Mungu ampe tone moja tu la damu, na kioo kikakatika vipande viwili mkononi mwake bila kuacha hata mstari. Watu walianza kurudi nyuma.

Simu ilianza kuita mfukoni. Aliitoa. Lilikuwa jina la mama yake Leticia, na haikuwa Jumapili.

Careen aliirudisha simu mfukoni, akapiga magoti kwenye kokoto, akatafuta kipande kingine cha kioo, na akaendelea kukandamiza.