Kiti cha Mshindi

Mzee Mbaabu alimsalimia kwa mkono wa kushoto, na Marcella, ambaye alilelewa na watu wa adabu kule Mikinduri, nusura akatae kuupokea. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa mezani, juu ya ubao wa drafti, ukigongagonga kizibo cha soda bila haraka. Tak. Tak. Mwenyewe hakuutazama. Aliugeuzia kisogo, kama mtu aliyeketi karibu na mlevi kanisani.

"Karibu klabu, Mama Karwirwa," alisema Kirimi, mwenyekiti. "Sheria zetu ni kidogo tu. Mshindi anakaa, mwenye kushindwa anainuka. Ukiinuka kabla mchezo kuisha, hiyo tunahesabu umeshindwa."

Klabu yenyewe ilikuwa chumba cha kukodi nyuma ya bucha, Majengo, mjini Meru, miaka ile ambayo soda zote zilikuwa za chupa na kete za drafti ziliokotwa bure. Walikutana Jumamosi mchana, watu wazima tu: mafundi, walimu, makarani. Marcella alikuwa amestaafu kazi ya opereta wa simu. Mumewe alikuwa amefariki, binti yake Karwirwa alikuwa na cherehani yake Kianjai, na nyumba ilikuwa kimya hata akaanza kuijibu redio. Drafti aliijua vizuri. Kazini, simu zilipopungua, walicheza, na mwanamume aliyemshinda alijisifu wiki nzima. Kwa hiyo Kirimi alipomfuata sokoni kumwambia kwamba klabu inatafuta wachezaji wapya, tena wale wakali, alijiona msichana tena. Hakujiuliza ni kwa nini wawe wakali.

Walimkalisha moja kwa moja mbele ya Mzee Mbaabu.

"Nishinde, dada," mzee alinong'ona, midomo ikisogea kidogo sana. "Tafadhali."

Marcella akacheka, akidhani ni utani wa wazee. Walicheza. Mkono ule ulicheza kwa akili ya kuogofya, kisha ghafla ukafanya kosa la kitoto, ukaacha njia wazi, naye akala kete nne kwa mpigo. Mchezo ukaisha. Mzee Mbaabu aliinua mkono wake wa kulia mbele ya macho, akaufungua, akaufumba, akaufungua tena. Halafu akaanza kulia. Alimpa kila mtu mkono wa kulia, mmoja mmoja, akatoka nje mvua ikinyesha, bila kofia.

Marcella akaketi kwenye kiti cha mzee. Kilikuwa na joto. Palikuwa na harufu ya ubani na nywele zilizoungua, na alipotaka kujipangusa pua, mkono wake wa kulia haukuinuka. Ulikuwa unapanga kete.

Nyumbani ulipanga maharagwe aliyokuwa akichagua, meupe huku, mekundu kule. Kanisani uligonga kitabu cha nyimbo mpaka mama mmoja akahama benchi. Aliapa kutorudi klabu, na Jumamosi ilipofika vidole vikajikunja vikambana kiganja hadi damu ikatoka, vikafunguka alipofika mlangoni pa bucha. Kila aliyeketi mbele yake alishindwa. Alijaribu kucheza vibaya, akaomba kwa Mungu ashindwe, lakini mkono ulimcheka.

Alimwendea maalimu aliyeishi nyuma ya msikiti, yeye Mkristo, akiwa amejifunika leso ili watu wa kanisani wasimjue, akamsimulia yote. Maalimu aliushika mkono, akasoma, akafukiza, akasoma tena. Mkono ukatulia mikononi mwake kwa heshima. Kisha kidole kimoja kikamgonga kiganjani. Tak.

Maalimu akauachia haraka.

"Ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hataki damu, hataki manukato. Anataka kucheza. Mimi siwezi kumtoa, mama. Anahama tu akishindwa, na anaingia kwa huyo aliyeshinda."

"Basi nitafute mchezaji bora kunizidi?"

"Wewe unafikiri ulimshinda yule mzee?" Maalimu alimtazama kwa huruma. "Amecheza na watu wangapi miaka yote hiyo? Jini alikuona, akakupenda, akakuachia. Ulichaguliwa, mama."

Hilo lilimuuma Marcella kuliko vidonda vya kiganjani. Akamkabili Kirimi, ambaye alikuwa mtoto wa ndugu yake Mbaabu, naye hakukana kwamba alimleta klabu ili jini amwache mzee.

"Ni baba yangu mdogo," Kirimi alisema, macho chini. "Tungefanya nini?"

Labda ni aibu iliyompeleka Kirimi Kianjai, labda ni woga. Jumamosi iliyofuata ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukajaza vichochoro vya Majengo, taa ya chumbani ikawashwa mchana. Mlango ukafunguliwa. Akaingia Karwirwa, pini za ufundi bado kwenye kola, akavuta kiti, akaketi mbele ya mama yake.

"Wanaume wote mtoke," alisema. Wakatoka, Kirimi akiwa wa kwanza.

"Karwirwa, enda nyumbani."

"Kirimi ameniambia yote. Nimekuja kukushinda, Mama."

"Kitakuingia wewe!"

"Kiniingie. Mimi bado kijana, nitakiweza. Wewe umekonda, unaongea peke yako, Mama, si tutakuzika?" Na kabla Marcella hajamzuia alisukuma kete ya kwanza.

Mkono wa kulia ukajibu. Marcella aliutazama ukitambaa mbele, mpole, akaona kwamba ulikuwa unacheza vibaya kusudi. Uliacha njia wazi. Uliweka kete mdomoni mwa binti yake, moja, nyingine, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na Karwirwa akala, akameza mate, akala tena, kwa vidole vyake vyembamba vya kushona, vile vidole vilivyomlisha na kumlipia kodi na ambavyo jini alikuwa amekwisha kuviona.

Hapo Marcella, aliyekuwa ameomba wiki zote hizo ashindwe, alitaka kushinda kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani.

Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauvuta chini ya meza, akaukalia.

"Mama, unafanya nini?"

"Nacheza."

Akasukuma kete kwa mkono wa kushoto, ovyo ovyo, na chini ya paja lake kile kitu kikajipinda, kikakwaruza, kikachimba kucha kwenye nyama yake mpaka machozi yakamtoka, na ukutani vivuli vya watu ambao hawakuwamo vikasogea karibu kutazama ubao, na mlio wa tak, tak, tak ukatoka chini ya kiti, ukapanda kwenye dari, ukarudi masikioni mwake, naye akashikilia jambo moja tu, kwamba huyu mtoto alimfundisha drafti yeye mwenyewe, jikoni, kwa mahindi na maharagwe, na alijua anapokimbilia akiogopa. Akampa kete. Akampa nyingine.

Karwirwa akaona mtego, akarudisha mkono.

"Lazima ule," Marcella alisema.

"Mama, tafadhali. Niachie."

"Kula, mwanangu. Ndiyo sheria."

Karwirwa akala, akilia. Ubao ukafunguka, na kete ya mwisho ya Marcella ikaruka moja, ikaruka ya pili, ikaruka ya tatu, na upande wa binti hakikubaki kitu.

Kelele zikakoma. Karwirwa alikuwa amesimama, mikono yote miwili mdomoni, mikono yake mwenyewe, iliyotulia.

"Umenifanyia nini?" alisema.

"Nguo za watu zinakungoja. Enda. Usirudi hapa hata nikikuita, umesikia? Hasa nikikuita."

Alisubiri mpaka hatua za binti yake zikapotea kwenye ukungu. Akajisikia mwepesi, akajisikia mama, na kwa mara ya kwanza tangu aingie klabu hakuogopa. Akainua paja. Mkono wa kulia ukatoka polepole, ukapanda mezani, ukaanza kurudisha kete mahali pake.

Kisha wa kushoto ukaanza kuusaidia. Marcella hakuwa ameuambia.