Mtamba Mwekundu na Alama za Porini

Mageni na rafiki yake Edson walikuwa wakichunga ng'ombe nje ya kijiji cha Samuye. Lakini siku hiyo walichunga mchezo zaidi kuliko mifugo. Walipogeuka, mtamba mwekundu hakuwepo.

Mtamba huyo alikuwa na mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimefika. Porini nako kulikuwa na mashimo ya zamani ya wachimba dhahabu, yamefunikwa na majani.

“Baba ataniua!” alisema Mageni.

Akapata wazo. Waliswaga kundi lote porini, ili mtamba asikie kengele za wenzake. Walizunguka wee, wapi!

Kelele zilimfikia Sesilia, jirani yao anayefuga nyuki. Akaja mbio.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mnahamia wapi na kundi lote hili?”

Wakamweleza. Sesilia akashika kichwa.

“Jamani! Mtamba ameacha alama za kwato, nanyi mmezikanyaga zote. Edson, rudisha ng'ombe. Mwambie Baba Mageni tunaelekea kwenye kichuguu kikubwa; ng'ombe anayetaka kuzaa hupenda kujificha huko. Usiingie porini bila mtu kujua uliko.”

Kisha akamwongoza Mageni kuzunguka nje ya eneo lililovurugwa.

“Inama, tazama upande wa jua. Kivuli kinaonyesha alama.”

Mageni aliinama. Akaona kwato za ng'ombe mmoja! Mbele kidogo, akagusa kinyesi kwa kijiti.

“Bado kibichi, mama!”

“Basi hayuko mbali. Gonga ardhi kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Na kila tunapokata kona, funga fundo la majani.”

Mara fimbo ikazama. Hapo palikuwa na shimo! Mageni alirudi nyuma. Wakalipita kwa mbali, naye akaweka matawi makavu kuonya wengine.

Nyuma ya kichuguu, mtamba alikuwa amesimama. Alikuwa akimlamba ndama mwekundu, mwenye doa jeupe usoni. Mageni alirukaruka kwa furaha.

“Taratibu,” alinong'ona Sesilia. “Mwache amlambe. Tutaondoka ndama akishanyonya.”

Muda si mrefu, baba yake Mageni akatokea, jasho likimtiririka.

“Nani amefunga mafundo yale?”

Mageni aliinamisha kichwa. “Ni mimi, baba.”

“Yamenileta moja kwa moja mpaka hapa. Wabeja, asante sana, mwanangu!”

Siku hizi, kila Jumamosi, wavulana wa Samuye huingia porini na Sesilia kujifunza kusoma alama. Na anayetangulia mbele, fimbo mkononi, ni Mageni.