Kamba za Mpira za Papa Hubert

Nyumbani kwa Papa Hubert, mtaani Tshopo, kila kitu kilifungwa kwa kamba za mpira. Kiti kilichovunjika mguu kilifungwa. Mlango wa choo ulifungwa. Hata miwani yake ilishikwa sikioni na kikamba cheusi. Kamba hizo alizikata mwenyewe katika mipira ya ndani ya matairi ya zamani, na hakuna mtu aliyemshinda kufunga.

"Siku moja mutu huyu atanifunga na mimi," mke wake, Mama Agathe, alipenda kusema.

"Wewe haujavunjika bado," Papa Hubert alimjibu.

Papa Hubert alikuwa na jeep kuukuu. Alileta nayo mchele na ndizi kutoka vijiji vya njia ya Banalia.

Wiki ile, dereva wa lori alileta habari njema. Claudine, binti yao aliyeolewa Banalia, amezaa mtoto mwanamke. Jumapili mtoto atabatizwa, naye atapewa jina la bibi yake.

Mama Agathe alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. "Ndoyi yangu! Jina langu limezaliwa tena!" Kisha akamgeukia mume wake. "Lakini katika jeep yako mimi siingii."

Watu wote walijua sababu. Siku chache nyuma, walipokuwa wakirudi kutoka vijijini, jeep ilipita katika shimo. Volani mikononi mwa Papa Hubert ikaanza kutetemeka, kushoto na kuume, kama mtu mwenye malaria. Mama Agathe alikuwa amepakata beseni la mayai. Aliingia mtaani akiwa wa manjano tangu kifuani mpaka miguuni.

"Ni njia tu, iko mubaya," Papa Hubert alijitetea.

"Njia iko mubaya kwa watu wote. Mbona mayai ya wengine yanafika?"

Jumamosi asubuhi ilikuwa Salongo, kazi ya usafi ya mtaa mzima. Wenyeji wote walitoka na majembe kusafisha mifereji. Karibu na Mama Agathe alilima Feruzi, jirani yao aliyetoka Maniema, fundi katika garaji ya kampuni ya kahawa. Mama Agathe alimweleza shida yake.

"Inatetemeka wakati gani?" Feruzi aliuliza.

"Tukipita shimo mbio. Akipunguza mwendo, inatulia."

"Asante, Mama. Umenipa nusu ya jibu."

Baada ya Salongo Feruzi alifika nyumbani kwao.

"Bon, umekuja kucheka gari yangu?" Papa Hubert alimuuliza.

"Nimekuja kula wali wa Mama Claudine. Gari nitaiangalia nikingojea wali."

Feruzi aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Hakushika ufunguo wowote wa nati. Kwanza aliangalia kwa macho. Matairi yalikuwa na upepo wa kutosha, na nati zilikuwa zimekazwa. Lakini ndani ya gurudumu moja matope mazito yalikuwa yamekauka upande mmoja.

"Matope haya yanalemea upande mmoja," alisema. "Gurudumu likizunguka, linaruka."

Papa Hubert aliyakwangua yote. "Basi, imepona!"

"Pole pole. Mgonjwa anaweza kuwa na minyoo na malaria pamoja. Papa, ingia, shika volani. Moteri ibaki imezima. Tingiza kidogo tu, kushoto, kuume. Na wewe Mama, leta mkono hapa chini."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Mayai yalikuwa ya nani? Wewe ndiye mwenye mashtaka."

Mama Agathe alicheka, akapiga magoti. Aliweka mkono juu ya kiungo cha kwanza cha vyuma vinavyogeuza magurudumu. "Vyuma viwili vinakwenda pamoja," alisema. Akashika kiungo cha pili. Kilikuwa kinene kama boga. "Hapa nasikia mpira tu."

"Hiyo nilifunga mimi!" Papa Hubert aliita kutoka juu. "Kifuniko chake kilipasuka. Ilipoanza kutetemeka, nikaongeza kamba. Angalia kazi!"

"Kazi nzuri sana," Feruzi alisema. "Ndiyo maana imetuficha ugonjwa. Ikate."

Papa Hubert alishuka. Aliiangalia kamba yake, akamwangalia mke wake. Kisha akachukua kisu, akaikata mwenyewe. Ndani kulikuwa na kutu na mchanga. Akarudi kwenye volani, akatingiza tena.

"Yoo!" Mama Agathe alipiga kelele. "Chuma kimoja kinatangulia, kingine kinafuata nyuma! Kinacheza kama jino la mtoto!"

"Hiyo inaitwa rotule," Feruzi alieleza. "Ni kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, kama mfupa wa paja. Ndiyo inashika magurudumu yafuate volani. Mchanga ukiila, gurudumu linapata nafasi ya kucheza. Na siku ikitoka kabisa, volani inazunguka bure. Gari linakwenda linakotaka."

"Hata juu ya daraja?"

"Popote, Mama."

Papa Hubert alikaa chini juu ya jiwe. "Na mimi nilitaka kukupeleka na kamba," alimwambia mke wake kwa sauti ndogo.

Alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi na rotule mpya. Feruzi aliitoa ya zamani, akaizungusha mpya mpaka palepale ile ilipokuwa imefika, ili magurudumu yaendelee kutazama mbele sawasawa. Alikaza nati, akapitisha pini ya chuma isilegee. Kisha wakaijaribu jeep barabarani, na volani ikatulia.

"Ikitetemeka tena, usikanyage breki kwa nguvu," Feruzi alisema huku akinawa mikono. "Toa mguu, iache ipunguze mwendo, simama, angalia. Na usifunge kitu usichokiona ndani. Mama, wali uko wapi?"

Mchana Mama Agathe alitoka na kikapu cha mayai, akapanda mbele. Papa Hubert alishika ile kamba aliyoikata.

"Alors, nifunge kikapu?"

"Kikapu, ndiyo. Funga."

Walipofikia lile shimo, Mama Agathe alifumba macho. Jeep ikaruka, ikatua, ikaendelea na njia yake. Alifumbua jicho moja. Volani ilikuwa imetulia mikononi mwa mume wake.

"Papa Claudine."

"Eee?"

"Ongeza mwendo kidogo. Ndoyi ananingoja."

Mayai yote yalifika Banalia mazima. Lakini Claudine alishindwa kufungua kikapu, mumewe naye akashindwa. Ikabidi Papa Hubert aitwe, aje aifungue kamba yake.