Kwikwi ya Mwanvita

Mwanvita amekaa dirishani ndani ya basi. Amepakata kopo kubwa la bluu.

Ndani ya kopo mna visheti. Mama alivipika jana, akasema, "Hivi ni vya Shangazi Mwatumu. Amejifungua, anastahili kitu kitamu. Nifikishie salama."

Mwanvita ameahidi. Amelishika kopo kwa mikono yote miwili.

Basi likiruka, kopo linalia.
Chakacha, chakacha, chakacha.

"Leo tunatembea Bagamoyo," anasema Baba. "Tutaona magofu. Tutaona kanisa la zamani. Tutaona wachoraji. Jioni ndiyo twende kwa Shangazi."

Baba anapenda kutembea. Bibi, aliyekaa kiti cha nyuma yao, anapenda kukaa.

Safari ni ndefu. Visheti vinanukia iliki.

Mwanvita anafungua kopo kidogo tu. Anakula kisheti kimoja.

Anakula kingine, ili kile cha kwanza kisikae peke yake tumboni.

Halafu anakula kingine tena.

Visheti ni vikavu, na maji yako kwenye begi la Baba. Wanaposhuka kwenye basi, kitu kinaruka kifuani mwa Mwanvita.

Kwik!

Bibi anageuka. "Kwikwi hiyo ya nini, mjukuu wangu? Umekula cha nani wewe?"

Bibi humuuliza hivyo kila mwenye kwikwi, hata fundi baiskeli. Lakini leo Mwanvita anaogopa.

"Sijala cha mtu, Bibi."

Huo ni uongo. Mwanvita anajua ni uongo.

Kwik!
Mwanvita anaziba mdomo. Kopo analikumbatia.

Wanafika kwenye magofu. Jua ni kali, kuta ni za kale sana.

Dada anayewatembeza anasema kwa sauti ndogo, "Huu ulikuwa msikiti. Na pale ni makaburi. Tusiwapigie kelele waliolala."

Wote wananyamaza. Hata Baba ananyamaza.

Mwanvita anabana pumzi. Mashavu yanajaa. Anabana, anabana, anabana...

Kwik!

Ukuta unaijibu. Kwik... kwik... kwik...

Mwanvita anaziba mdomo. Kopo analikumbatia.

"Umekula cha nani wewe?" ananong'ona Bibi.

"Si... kwik!... sijala."

Bibi anachomoa uzi kwenye pindo la khanga yake. Anauloanisha kwa mate, anaubandika kwenye paji la uso la Mwanvita.

"Hii ndiyo dawa. Tembea taratibu, usidondoke. Lete kopo nikushikie."

Mwanvita anatembea taratibu na Baba. Wanazunguka makaburi yote. Wanachungulia kisima. Uzi hauanguki.

Bibi amekaa kivulini, amejifunika khanga, yeye na kopo.

Wakirudi, Bibi anafuta mdomo. Anampa Mwanvita kopo lake.

Chakacha, chakacha.

Mwanvita anashtuka. Asubuhi kopo lilikuwa na kelele zaidi. Kumbe alikula vingi hivyo?

"Bado sehemu moja tu," anasema Baba.

Wanatembea. Pu, pu, pu. Miguu ya Mwanvita inauma. Miguu ya Bibi inauma zaidi.

Wanafika kanisani. Ndani kuna baridi nzuri na kimya kikubwa. Mama mmoja amepiga magoti, anasali.

Mwanvita anabana pumzi. Anashika uzi kwenye paji la uso. Tafadhali, kwikwi, kaa kimya.

Kimya.
Kimya.
Kimya.

Kwik!

Yule mama anafumbua jicho moja.

Mwanvita anaziba mdomo. Kopo analikumbatia. Anahisi watu wote wanajua, na kuta pia zinajua.

"Umekula cha nani wewe?" ananong'ona Bibi.

Sasa machozi yako karibu. "Sijala, Bibi."

"Haya. Nenda na Baba ukanywe maji nje. Kopo nitalishika mimi."

Mwanvita anakunywa maji. Gulu, gulu, gulu. Anarudi, anachukua kopo.

Chakacha.

Mara moja tu. Shangazi akifungua kopo hili atasema nini?

"Bado sehemu moja tu," anasema Baba.

"Ulisema hivyo kulekule kwenye makaburi," anasema Bibi.

Pu, pu, pu. Wanafika kwa wachoraji. Kuna picha za simba, picha za ngoma, picha za samaki wenye macho makubwa.

Kaka mmoja amepiga goti mbele ya picha. Anachora ndege mwekundu. Limebaki jicho.

"Msinishtue," anasema kaka. "Jicho likikosewa, ndege mzima ameharibika."

Brashi ni nyembamba. Ncha yake ina tone dogo la rangi nyeusi. Inasogea taratibu, taratibu.

Mwanvita anaziba mdomo mapema. Uzi unateleza kwenye paji la uso. Unashuka puani. Unaanguka chini.

KWIK!

Mkono wa kaka unaruka. Tone linadondoka. Ti!

Limeanguka mbele ya mdomo wa ndege.

Mwanvita anatamani kuingia ndani ya kopo, ajifunike.

Kaka anaiangalia picha. Anainamisha kichwa huku, anainamisha kule. Analizungushia tone mstari mdogo wa njano.

"Basi," anasema. "Ndege amepata chakula."

Baba anacheka. Bibi anacheka. Mwanvita hacheki. Anamtazama yule ndege. Anafikiri, na wewe umekula cha nani?

Jua linashuka. "Bado sehemu moja tu," anasema Baba.

"Kwa Shangazi," anasema Bibi, na safari hii hakuna wa kubishana naye.

Shangazi Mwatumu amekaa mkekani na mtoto wake mchanga. Mtoto ni mdogo sana.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Mwanvita wangu. Mmechoka, poleni."

Mwanvita anaweka kopo mkekani. Analiweka polepole, lisilie.

Mara, ndani ya khanga ya Shangazi, sauti ndogo inatoka.

Kwik.

Si Mwanvita. Ni mtoto mchanga.

Bibi anachomoa uzi kwenye khanga. Anauloanisha, anaubandika kwenye paji dogo la uso.

"Bibi," anauliza Mwanvita, "na yeye amekula cha nani?"

"Huyu?" Bibi anacheka. "Hana hata jino. Kwikwi ni kwikwi tu, mjukuu wangu. Nilikuwa nakutania."

Mwanvita anamtazama mtoto. Kumbe kwikwi haikumsemea. Kumbe hakuna anayejua.

Anaweza kunyamaza. Anaweza kwenda kulala.

Lakini kopo liko palepale, na Shangazi anatabasamu, na lile tabasamu linamuuma Mwanvita kuliko miguu.

"Shangazi," anasema. "Nimekula visheti vyako. Mama alisema nikuletee salama. Na Bibi nimemwambia uongo."

Shangazi anafungua kopo. Anachungulia. Kimebaki kisheti kimoja.

"Vilikuwa vitamu?" anauliza.

"Vitamu," anasema Mwanvita, na machozi yanashuka. "Lakini vinakaba. Na nilikula vitatu tu. Nilidhani ni vitatu."

Shangazi anamvuta karibu. "Umenikosea, na umeniambia. Yameisha." Anakivunja kile kisheti katikati. Nusu yake, nusu ya Mwanvita.

Baba anakuna kichwa. "Vitatu tu? Sasa vingine vyote vimekwenda wapi?"

Bibi anaangalia dari. Bibi anaangalia mlango.

Kwik!

Si mtoto mchanga.
Si Mwanvita.

Bibi anaziba mdomo. Khanga anaikumbatia.

Wote wanamgeukia. Mwanvita anafuta machozi, anasimama, mikono kiunoni.

"Bibi," anasema, "umekula cha nani wewe?"

Shangazi anacheka mpaka mtoto anatikisika. Baba anacheka mpaka anakaa chini, kwa mara ya kwanza leo.

"Miguu ilikuwa inaniuma," anasema Bibi. "Nanyi mlikuwa mnachelewa. Nisamehe, Mwatumu. Na wewe, Mwanvita, nisamehe. Nimekuuliza wewe kutwa nzima, kumbe na mimi natafuna."

Usiku, Shangazi anazima taa. Baba anakoroma. Mtoto mchanga amelala, uzi wake kwenye paji la uso.

Mwanvita amejilaza pembeni ya Bibi. Anachomoa uzi mmoja kwenye khanga. Anauloanisha kwa mate.

Anaubandika kwenye paji la uso la Bibi.

"Tulia hivyo," ananong'ona. "Usidondoke."

Bibi anafumba macho. Anasubiri. Mwanvita naye anasubiri.

Kimya.
Kimya.
Kimya.

Na Mwanvita, kabla hajajua kama dawa imefanya kazi, amelala.