Kioo cha Chini

"Sanduku la nini lile kwenye buti?" Ubeid aliuliza.

"La nguo," Mwatime alijibu, macho barabarani.

"Twenda maonyesho ya siku moja tu, Mwatime."

"Wewe ndiye wenda maonyesho. Mimi nakuteremsha, nakwenda kwa dada Amna. Sijui nitarudi lini."

Walikuwa wametoka Irving alfajiri, Mwatime katoka shift ya kulea wazee bila kupata usingizi, na Houston ilikuwa mbali bado. Kwenye kiti cha nyuma ililala saa ya ukutani, ya Wamarekani wa kale, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Kichwa cha mviringo, shingo nyembamba, na chini kisanduku chenye kioo cha rangi.

Ubeid alikuwa bingwa wa kufufua saa hizo. Lakini vile vioo vya chini humfikia vimevunjika, na vipya alivichora Mwatime, kwenye meza ya jikoni, kwa mkono uleule uliokuwa ukiwapamba maharusi hina kule Mombasa.

"Ni ile message ya Charlotte?"

Ndiyo hiyo. Charlotte, muuza saa za kale, alikuwa ameandika: "Ubeid, wateja wanataka wakuone ukichora kioo mbele yao. Mikono yako ni ya ajabu."

"Mikono yako," Mwatime alisema. "Niliisoma, nikaenda kulala. Sikuwa na nguvu hata ya kugombana."

"Aliniuliza nani kachora, nikasema mimi. Ilinitoka tu. Baadaye ikawa ngumu ku-explain."

"Miaka yote hii?"

"Hata mafundi wenyewe wa zamani, jina la fundi ndilo huandikwa usoni mwa saa. Waliochora vioo, nani awajua?"

"Wale wamekufa, Ubeid. Mimi niko hapa, na-drive."

Ubeid akaliweka sawa blanketi la saa. "Basi leo chora wewe. Nitawaambia wewe wanisaidia."

"Nakusaidia?" Mwatime alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Leo chora mwenyewe."

Na bwana akachora. Mbele ya ukumbi mzima wa wateja akapewa kioo kitupu, achore nyumba nyeupe na mbingu. Kujiamini hakujawahi kumpungukia. Akachovya brashi, akapaka mbingu ya buluu kioo kizima. Mwatime, aliyeingia kusaidia kubeba saa tu, alikuwa bado mlangoni na funguo za gari mkononi. Akafumba macho.

Rangi ilipokauka, Ubeid akachora nyumba juu yake, na wala haikuwa mbaya. Charlotte akakigeuza kioo awaonyeshe watu.

Buluu tupu.

Kioo cha saa huchorwa kwa nyuma, kikatazamwa kwa mbele. Unachotanguliza ndicho kinachoonekana: madirisha kwanza, kuta zifuate, mbingu mwisho. Yeyote aliyekaa na Mwatime jikoni jioni moja angelijua hilo. Ubeid hakuwahi kukaa.

"Nyumba iko wapi?" Charlotte aliuliza.

Ubeid alikitazama kioo, kisha mlango.

"Sijachora hata kimoja," alisema kwa Kiingereza. "Nilikudanganya. Vyote ni vya mke wangu, yule pale. Anaitwa Mwatime."

Watu wakageuka. Mwatime hakutabasamu. Alikwenda mezani, akachukua kitambaa na kuanza kuifuta ile buluu.

"Kufichwa jina langu kuliniuma," alisema kwa Kiswahili, polepole. "Lakini hili laniuma zaidi. Nachora nyumbani mwako, na hujui naanzia wapi."

"Sijui. Nisamehe."

"Nimechoka, Ubeid."

"Nenda kwa Amna ukalale. Mimi nitarudi na basi. Ila naomba nikuangalie, hiki kimoja tu."

Mwatime akamsogezea kiti kwa mguu.

"Kaa. Usizungumze."

Kabla ya dirisha la kwanza aliandika kitu kidogo pembeni, herufi zikienda kinyume. Kisha madirisha, kisha kuta. Ubeid hakubanduka. Ilipobaki mbingu, akapewa brashi aipake yeye.

Charlotte alipokigeuza, nyumba ilikuwapo, na pembeni ukumbi mzima ulisoma: Mwatime.

Nje, Mwatime alimpa mumewe funguo.

"Nyumbani, ama kwa Amna?" Ubeid aliuliza.

"Kwa Amna. Nataka kulala kwanza."

"Na sanduku?"

Mwatime alikuwa ameshalaza kiti na kufumba macho.

"Usiliteremshe," alisema.