Mkwe Aliyeuliza Habari za Choo

Siku ya mnada Karatu vumbi jekundu halina adabu, linaingia mpaka kwenye meno. Valeria alikuwa ameinama juu ya rundo la makoti ya mitumba, gauni lake la kitenge cha bluu amelikusanya kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika koti jeusi la sufu. Akavuta. Koti halikuja. Akavuta tena, na ng'ambo ya rundo akainuka kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi kama la kipaimara, naye ameshika koti lile lile.

"Dada, hili ni la kiume."

"Baba yangu ni mwanamume. Achia."

"Na mimi je?"

"Wewe sijakuchunguza."

Muuza mitumba alicheka mpaka akakaa chini. Kijana akaachia koti, lakini macho hakuyaachia.

Kesho yake Valeria, ambaye ni nesi wa zahanati moja huko Endabash, aliingia kwenye ukumbi wa semina mjini akamkuta yule yule kiti cha mbele, kalamu tatu mfukoni. Kumbe ni Modest, tabibu wa kituo cha afya pale mjini. Wazazi wake walitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu, wakabaki.

Semina ilikuwa ya kuwafundisha watoa huduma kuzungumza na wagonjwa habari za kupima saratani ya utumbo mpana. Mwezeshaji wao, Mama Cresensia, mwenye mwili wake na sauti ya kwaya, hakuanza na picha wala takwimu.

"Kitendawili."

"Tega."

"Kila nyumba ina mgeni, anatolewa nje kila siku, na hakuna anayemtaja mezani."

Watu wazima na vyeti vyao wakatazama viatu.

"Kinyesi," alisema Valeria.

"Wote mlijua," alisema Mama Cresensia. "Na mgonjwa wako anajua. Anangoja wewe uanze."

Akawaeleza kwamba ugonjwa huu huanza kimyakimya, mtu analima na kucheza ngoma huku anaumwa. Kwa hiyo kila aliyefika miaka arobaini na mitano aulizwe, hata kama amekuja kwa malaria. Asiye na dalili apewe kikopo alete choo kidogo, kitafutwe damu isiyoonekana kwa macho. Anayeiona damu mwenyewe, huyo apewe rufaa bila kuchelewa.

Kisha wakaigiza wawili wawili. Modest akawa mzee, Valeria nesi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya goti."

"Goti tutaliona. Choo je, kinatokaje?"

"Kwa mlango wa nyuma, kama mwizi."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Valeria hakutikisika. "Kina damu?"

"Binti wewe, hata mke wangu haniulizi hivyo."

"Mkeo hajahudhuria semina. Kina damu?"

Modest akasahau alichotaka kujibu. Ndipo alipopenda, hapo hapo, kwenye swali la choo. Mapenzi hayachagui pa kuanzia, wanangu.

Baada ya hapo simu ikawa haipoi.

"Kitendawili," alisema Modest jioni moja.

"Tega, mpenzi."

"Naongea nayo kutwa, haina shavu la kubusu."

"Simu. Na mwenye simu ana mashavu mawili, yako Endabash yanapukuchua mahindi."

Miezi mitatu haikuisha, wakapanga washenga waende kwa Mzee Sebastiani, baba yake Valeria, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Baba mkubwa Josephati, kaka wa mzee, alinuna tangu aliposikia. Mtoto wa kibarua, alisema, atajulia wapi adabu za wakwe?

Jumanne kabla ya Jumamosi hiyo, Valeria alikuja kituoni kuchukua vikopo vya zahanati yake. Modest alikuwa wodini, daftari la wagonjwa limefunguliwa mezani. Tangu semina, kila aliyefika miaka arobaini na mitano aliwekewa alama kuonyesha ameulizwa habari za choo. Valeria akapitisha kidole, akasimama kwenye jina moja. Sebastiani, miaka hamsini na tisa, presha. Wa juu yake ana alama. Wa chini yake ana alama. Baba yake hana.

Akapiga simu.

"Umefika, roho yangu? Nisubiri tunywe chai."

"Baba alikuja lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na habari za choo hukumuuliza."

"Vale, yule ni mkwe wangu. Kwenu mkwe hata jina la baba mkwe analitafutia njia ya kuzunguka, nimuulize habari za choo? Baba mkubwa wako anasema sina adabu. Nimpelekee ushahidi?"

"Mkanda wa baba umetobolewa matundu mapya mawili tangu Pasaka. Mimi nikimuuliza ananiambia binti haulizi hayo. Akaja kwako kwa miguu yake, akakaa kwenye kiti chako, ukamwonea haya."

"Nilimheshimu."

"Ulijiheshimu wewe. Usilete washenga."

Simu ikakatwa. Alipiga mara tisa siku ile, na kesho yake, na keshokutwa. Valeria hakupokea.

Jumamosi ilipofika, bodaboda moja iliingia uani kwa Mzee Sebastiani. Akashuka Modest peke yake, bila washenga, amevaa koti jeupe la kazi. Wazee wawili walikuwa wanapukuchua mahindi. Valeria alitokea mlango wa jikoni, kanga kiunoni.

"Mkwe haji peke yake," alisema Josephati.

"Leo sikuja kama mkwe, baba mkubwa. Kuna mgonjwa nilimruhusu kabla sijamaliza kazi." Akachuchumaa mbele ya Sebastiani, macho yakawa sawa kwa sawa. "Mzee, choo chako kina damu?"

Josephati alisimama na fimbo yake. "Mbele ya binti yake? Toka hapa. Mahari yako hatuipokei hata ulete zizi zima."

"Msiipokee. Nitakosa mke, nitalia. Ila siondoki mzee hajanijibu."

"Nitakutoa kwa fimbo."

"Nipige. Nitauliza tena ukimaliza."

Sebastiani aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki jeupe. Akaliweka chini.

"Tangu Kwaresima," alisema. "Nilidhani ni bawasiri. Siku ile ulipokuwa unanifunga mpira wa presha mkononi nilisema moyoni, huyu akiniuliza nitamwambia. Hukuniuliza."

Modest aliinamisha kichwa. "Nilikosa, baba. Nisamehe."

"Umeuliza leo. Andika hiyo karatasi yako."

Rufaa ikawapeleka hospitali kubwa mkoani. Kamera iliyoingizwa utumboni ikaona uvimbe. Mzee akapasuliwa, kipande cha utumbo kikaondolewa, na daktari akasema uvimbe ulikuwa bado haujavuka ukuta wa utumbo, ila mzee atafuatiliwa miaka mingi. Kwenye benchi la korido Valeria na Modest walikaa na chupa ya uji katikati yao.

"Bado umenikasirikia?"

"Kidogo. Ikiisha nitakwambia."

"Na washenga?"

Valeria akaihamishia chupa upande wa pili, akasogea. "Walete. Wakikataliwa, nitakuja mwenyewe na begi langu. Sina haja ya ruhusa ya mtu asiyetaka baba yangu aulizwe."

Washenga wakaja miezi miwili baadaye. Josephati akasema ukoo haumpokei mtu aliyetaja choo cha baba mkwe hadharani.

"Mimi nilikuwa natoka damu, na ukoo ulikuwa umekaa kando yangu unakula mahindi," alisema Sebastiani, shati bado linamning'inia. "Huyu ndiye aliyeuliza. Binti nimeshampa. Anayeona aibu aondoke."

Hakuna aliyeondoka. Modest akamgeukia Josephati kwa upole.

"Baba mkubwa, una miaka mingapi?"

"Sitini na minne. Kwa nini?"

Uwanja mzima ukaelewa kabla yake. Josephati akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti.

"Basi binti aende jikoni kwanza."

"Siendi," alisema Valeria, akavuta kigoda, akakaa kando ya mchumba wake. "Mjibu."