Nani Anakata Mapezi?

Kila siku akitoka shule, Rawya aliweka mkoba mlangoni, akanawa mikono na kwenda kwenye tangi la samaki kabla hata ya kula. Tangi lilikuwa sebuleni, katika nyumba yao mjini Esna. Baba yake, fundi wa vioo, alilitengeneza kwa ajili ya Shazli, kaka yake Rawya mwenye umri wa miaka kumi na mitano. Ndani mlikuwa na samaki wanne wadogo wa rangi ya chungwa, na sato mmoja ambaye Shazli alimlea tangu akiwa mdogo kama ukucha. Sasa alikuwa na urefu wa kiganja, na Shazli alimwita Pasha.

Kwa wiki mbili mlikuwa pia na bunju. Rawya alimnasa kwa chujio katika mfereji maji yalipopungua. Alikuwa na milia mwilini, na akishtuka alivimba akawa mviringo; ndiyo maana Rawya alimwita Tikiti. Alipasua konokono kwa mdomo mgumu kama wa kasuku, na kila Rawya alipopita, alimfuata kwa macho.

Siku ile alipomnasa, mvuvi aliyekuwa akishona nyavu kando ya mfereji alimwambia, "Huyo mweke peke yake, binti. Bunju hana jirani."

Rawya aliitikia. Nyumbani hakumwambia mtu.

Jumanne alikuta samaki mmoja wa chungwa hana mkia. Jumatano wawili wengine walikuwa wamekatwa mapezi. Alhamisi, yule asiye na mkia alielea juu ya maji, amekufa.

"Ni sato huyo," Bibi alisema akiwa kwenye kochi, akikata bamia. "Sato akikua anataka maji yote yawe yake. Kesho Ijumaa, nitampaka pumba na bizari nimkaange."

"Bibi, Pasha si wa kula," Shazli alisema.

"Mjukuu wangu, sato hata ukimpa jina la mfalme, ni sato tu."

Mama alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini. Alifanya kazi katika maabara ya zahanati, akipima damu. Alimgeuza yule samaki aliyekufa kwa kijiko, akamtazama kwa muda.

"Rawya, wewe ndiye unayeshinda hapa. Umeona nini?"

"Sato ni wagomvi, Mama. Kila mtu anajua."

"Sikuuliza kila mtu anajua nini. Nimeuliza wewe umeona nini."

"Sijaona kitu."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini lipo alilosikia, na hakulisema.

"Basi hakuna aliyeona," Mama alisema. "Tumpe Pasha hadi kesho mchana."

"Mafuta yangu hayana haraka," Bibi alijibu.

Shazli hakubisha tena. Alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo upande aliokuwa Pasha, ingawa kilikuwa safi. Rawya alishindwa kumtazama.

Ijumaa, baada ya kifungua kinywa, alikaa mbele ya tangi na daftari. Aligundua kwamba akisogea tu, Tikiti anakuja kwenye kioo cha mbele kuomba chakula. Kwa hiyo siku zote alikuwa akimwona Tikiti anayesubiri kulishwa. Alijificha nyuma ya pazia, akaacha upenyo.

Saa tatu na nusu aliandika kwamba Pasha alimfukuza samaki wa chungwa kidogo, kisha akarudi kula mwani kwenye jiwe. Hakumng'ata. Saa tatu na dakika hamsini, samaki mmoja wa chungwa alipita juu ya mchanga ambamo Tikiti alikuwa amejifukia, macho tu yakionekana. Tikiti aliinuka mara moja na kurudi chini. Pezi la yule samaki lilikuwa na pengo la nusu duara, kingo safi kama zimekatwa kwa mkasi.

Rawya alikaa na kalamu mkononi. Akisema, atanyang'anywa Tikiti. Akinyamaza, Pasha atakuwa sahanini mchana huo.

"Shazli," Bibi aliita kutoka jikoni ilipokaribia adhuhuri, "mlete huyo Pasha wenu. Mafuta yamechemka."

Rawya alitangulia kufika jikoni. Mama alikuwa huko akipasha moto mkate.

"Si Pasha. Ni Tikiti. Nimemwona." Alimpa Mama daftari. "Na mvuvi aliniambia siku ile ile niliyomkamata. Aliniambia nimweke peke yake. Niliogopa mtasema nimrudishe."

Shazli alikuwa amesimama mlangoni. "Wiki mbili, Rawya? Pasha kabakiza hatua tatu aingie kikaangoni, wewe umefunga mdomo?"

"Ndiyo."

"Basi akaangwe Tikiti."

"Bunju haliwi," Bibi alisema, akiepua kikaango. "Ana sumu. Unataka kutuzika wote kwa mlo mmoja? Leo tutakula mayai."

Mama aliusoma ule ukurasa mara mbili. "Umeandika kwamba Pasha alimfukuza mwenzake. Hilo si la kumsaidia Pasha. Kwa nini uliliandika?"

"Kwa sababu nililiona."

Mchana huo Baba aligawa tangi kwa wavu wa plastiki, Tikiti upande mmoja, wengine upande wa pili. Aliahidi kumtengenezea Tikiti tangi lake, mradi Rawya aende karakanani kwake Ijumaa nne kulainisha kingo za vioo. Rawya alikwenda zote nne. Tikiti alipohamia tangi lake, mapezi ya samaki wa chungwa yalikuwa yameanza kuota upya, na Shazli ndiye aliyemletea konokono wa kwanza.

Jioni ya Ijumaa ile aliyosema ukweli, wakinywa chai, Mama alimkalisha Rawya karibu yake.

"Kazini kwangu, mtu akiandika majibu kwa kukisia, mgonjwa anameza dawa ya ugonjwa asio nao. Bibi alikisia kwa sababu hakuwa na habari. Wewe ulikuwa nayo ukaificha. Mwanangu, ukificha unachokijua, wenzako wataamua gizani, na atakayeumia ni yule asiye na mdomo wa kujitetea."